TSH imepanda tena: pa kuangalia kabla ya kuongeza kidonge cha thairoidi

Mama mmoja wa Kisauni aliingia kwenye duka langu la dawa asubuhi, karatasi ya maabara kaikunja mara nne ndani ya mkoba. TSH, ile namba ya kipimo cha thairoidi, ilikuwa 18, na ya kawaida huishia karibu 4. Alikuwa anameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, mikrogramu 100 kwa siku. Miezi mitatu nyuma alikuwa anameza 75.

"Mwanangu, dawa zenu hizi ni unga mtupu," akaniambia. "Naongezewa, naongezewa, na mwili ni ule ule."

"Pole mama. Hebu nieleze asubuhi yako, tangu unapofungua macho."

Huamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri ya kuuza. Kidonge hukimeza pale pale jikoni kwa kikombe cha chai ya maziwa, pamoja na kidonge cha kuongeza damu alichopewa kliniki, vyote kwa mkupuo mmoja, asije akasahau. Na dawa huiweka wapi? Kwenye kopo la biskuti, rafu ya juu, usawa wa karai la mafuta. Vidonge alishavibonyeza vyote kutoka kwenye karatasi zake, "visinisumbue."

Shida haikuwa kiasi alichoandikiwa. Dawa ilikuwa haifiki.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Mombasa miaka mingi, na malalamiko ya wagonjwa wa thairoidi ni yale yale. Nimeyapanga kwa dalili, ile inayoletwa mara nyingi ikitangulia, na chini ya kila moja sababu kuanzia ya kawaida hadi ya nadra. Anza na vile unavyoweza kukagua mwenyewe nyumbani. Kiasi cha dawa usikiguse. Hicho ni cha daktari, na sababu utaiona mbele.

Kwanza uijue karatasi

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutoa homoni, nyingi yake T4, ambayo mwili huigeuza kuwa T3 na kuitumia kuendesha joto la mwili, mapigo ya moyo, choo, hedhi na wepesi wa akili. Homoni hii ikipungua, kila kitu hupunguza mwendo: uchovu, baridi, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito, uso kuvimba asubuhi, hedhi nyingi au isiyo na mpango.

TSH haitoki kwenye tezi hiyo. Hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo mfano wa punje ya mbaazi iliyo chini ya ubongo. Pituitari ikiona T4 inapungua, hupaza sauti. Ikiona imezidi, hunyamaza. TSH ndiyo sauti hiyo. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, homoni ni chache. Ikiwa chini, homoni imezidi. Wengi hulichukua kinyume: wanaona namba kubwa, wanadhani dawa imezidi, wanaipunguza wenyewe. Likitokea hilo mtu hudidimia zaidi kwa mkono wake mwenyewe, na huniuma kila nikiliona.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, maabara nyingi huweka TSH ya kawaida kati ya 0.4 na 4.0, au jirani na hapo. Wazee huenda juu kidogo bila kuwa na ugonjwa. T4 huru, inayoandikwa FT4, huja kwa vipimo viwili: pmol/L au ng/dL. Namba 15 kwenye karatasi moja na 1.2 kwenye nyingine inaweza kuwa kitu kimoja. Soma mipaka iliyochapwa pembeni ya jibu lako, na ukiweza, pimia maabara ile ile kila mara.

Jambo la mwisho kabla hatujaanza ni subira. Levothairoksini hukaa mwilini. Nusu yake tu ndiyo hutoka kwa muda wa siku 7 hivi. Ukibadilishiwa kiasi leo, damu yako haitatulia kabla ya wiki 6. Kipimo cha wiki ya pili au ya tatu kitakudanganya wewe na daktari wako. Pima baada ya wiki 6 hadi 8, kisha mambo yakitulia, baada ya miezi 6, halafu mara moja kwa mwaka.

Dalili: "Nameza kila siku, na TSH bado iko juu"

Anza na hesabu. Sikushuku, watu waaminifu kabisa hukuta wameruka siku nyingi kuliko walivyodhani. Tandika vidonge mezani. Kama ulipewa 60 na leo ni siku ya 40, vinapaswa kubaki 20. Vikibaki 31, umelipata jibu, na hakuna haja ya kuongeza chochote. Harusi Malindi, msiba Kwale, mtoto mgonjwa usiku kucha: kidonge ndicho cha kwanza kusahaulika. Dawa ni bora iambatane na jambo ambalo hulikosi. Wateja wangu kadhaa huweka pakiti karibu na msala, wakimaliza swala ya alfajiri wanameza. Wengine huiweka na mswaki. Kisanduku cha siku saba pia kinafaa, mradi ujaze siku saba tu, usijaze mwezi mzima.

Ukisahau na ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza tumbo likiwa tupu. Ukikumbuka kesho yake, uliza. Kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini, madaktari wengi huruhusu vidonge viwili kwa mgonjwa asiye na ugonjwa wa moyo, lakini uwe umeambiwa na daktari wako.

Kuna alama moja kwenye karatasi inayofichua vidonge vilivyorukwa: TSH iko juu, lakini FT4 ni nzuri au imezidi kidogo. Mara nyingi maana yake mgonjwa amekumbuka dawa wiki ile ya kupimwa. T4 hupanda kwa siku chache. TSH huchukua wiki nyingi kushuka. Daktari asiyejua hilo anaweza kukuongezea dawa usiyoihitaji. Mwambie ukweli, hata kama unaona haya.

Hesabu ikitimia, angalia kinachomezwa pamoja na kidonge. Levothairoksini hutaka tumbo tupu na maji matupu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Chai ya maziwa huipunguza nguvu. Kahawa vilevile, hata ile tungu isiyo na maziwa ya wauza kahawa wa Mji wa Kale. Kikombe kidogo, lakini kikitangulia au kikifuatana na kidonge, sehemu ya dawa haipiti kwenye utumbo. Soya na uji wenye makapi mengi pia. Wale ambao asubuhi yao ni mbio za kuvuka feri Likoni na hawana nusu saa ya kusubiri, kuna njia nyingine: kumeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Inafanya kazi vizuri. Chagua moja tu na uishike.

Kisha dawa nyingine. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu, vitamini za wajawazito zenye vyote viwili, na dawa nyingi za kutafuna za kiungulia hukamatana na levothairoksini ndani ya tumbo, zikatoka nayo chooni. Dawa yake ni nafasi: saa nne kati yao. Thairoidi alfajiri, dawa ya damu mchana. Omeprazoli na jamaa zake ni tofauti. Hizi hupunguza asidi ya tumbo kwa siku nzima, kwa hiyo kuzitenganisha kwa saa hakusaidii sana. Mwambie daktari unazitumia, akupime upya.

Halafu joto. Hili watu huliona dogo, na mimi naliona kubwa kwa mji kama huu. Pakiti nyingi za levothairoksini zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, mahali pakavu, mbali na mwanga. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari na Machi, kivulini tu hapa hupita nyuzi 30, na hewa imejaa maji ya bahari. Jikoni kuna moto zaidi. Ndani ya gari lililoegeshwa juani hakuna dawa inayosalimika. Juu ya friji nako kuna joto la mashine. Weka chumbani, kwenye kabati la chini, upande usiopigwa na jua la jioni. Na tafadhali usivibonyeze vidonge mapema. Ile karatasi inayong'aa ndiyo ngao ya kila kidonge dhidi ya unyevu. Yule mama wa Kisauni aliponiletea kopo lake, vidonge vya chini vilikuwa vimegeuka rangi na vinavunjika kwa kidole. Nunua vya mwezi mmoja au miwili, si vya mwaka.

Hapo pia uliza kama pakiti imebadilika. Levothairoksini za viwanda tofauti zina jina moja la dawa, lakini namna zinavyopenya mwilini inaweza kutofautiana kidogo, na kwa dawa inayopimwa kwa mikrogramu, kidogo ni kitu. Ukizoea ya kiwanda kimoja, omba hiyo hiyo. Ikikosekana dukani, kubali nyingine kuliko kukaa bila, na upime baada ya wiki 6 hadi 8.

Yakishakaguliwa hayo yote, ndipo mambo ya daktari yanapoanza. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, huharakisha mwili kuiondoa levothairoksini. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza mahitaji. Mimba huyaongeza haraka, nitaieleza mbali. Kunenepa pia. Kwa mwenye ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi yake yenyewe, kile kipande cha tezi kilichokuwa bado kinafanya kazi huzidi kufifia mwaka hadi mwaka, na kiasi cha jana hakitoshi leo bila mtu kukosea chochote. Huo ndio chanzo cha kawaida zaidi cha thairoidi kupungua pale ambapo watu wanapata iodini ya kutosha. Daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912, na maabara huutafuta kwa kupima kingamwili za TPO, zile zinazoilenga tezi.

Nadra zaidi ni tumbo lenyewe: bakteria wa vidonda vya tumbo, ukuta wa tumbo uliokonda, au ugonjwa wa utumbo usiostahimili ngano. Kwa mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa, kiasi cha kawaida ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani karibu 100 kwa mtu wa kilo 60. Ukiwa umepita hapo kwa mbali, unameza inavyotakiwa, na TSH haishuki, usikubali kuongezewa tu. Omba kuonwa na daktari wa homoni.

Dalili: "Moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka"

Nawaleta tena kwa mama wa Kisauni, maana yaliyompata ndiyo sababu nasema kiasi kisiguswe na mtu yeyote ila daktari. Alirekebisha kila kitu. Kidonge baada ya swala kwa maji, mahamri baadaye, dawa ya damu baada ya adhuhuri, pakiti mpya chumbani. Nilimsihi amweleze daktari kwamba amebadilisha namna ya kumeza. Hakwenda, alikuwa na kazi, na alijisikia vizuri. Wiki ya saba akarudi, usingizi hakuna, jasho linamtoka akiwa amekaa, kikombe kinacheza mkononi. TSH 0.1. Zile mikrogramu 100 alizokuwa anaziita unga sasa zilikuwa zinafika zote. Daktari akamrudisha 75, na miezi miwili mbele TSH yake ikawa 2.3.

Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya dalili hizi: dawa kuzidi. Kwa wengine huzidi kwa sababu wamejiongezea ili wapungue uzito, kwa wengine wamekonda na kiasi hakikushushwa, kwa wengine walijifungua na wakaendelea na kiasi cha mimba. Ukirekebisha jambo lolote katika yale niliyotaja juu, mjulishe daktari siku hiyo hiyo, na weka tarehe ya kupima.

Kabla ya kuamini TSH ya chini, jiulize kama unatumia vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini kwa wingi, na bayotini huzichanganya mashine nyingi za maabara: TSH inaonekana chini, FT4 inaonekana juu, na mwili wako uko sawa. Acha angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, zaidi kama unatumia kiasi kikubwa, na mwambie anayekupima.

Waliotolewa tezi kwa sababu ya saratani huenda wamewekewa TSH ya chini kwa makusudi. Hao wasibabaike na namba. Wamuulize daktari shabaha yao ni ipi.

Dawa ikizidi kwa muda mrefu hula mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, na huweza kuuvuruga mpigo wa moyo kwa watu wa umri. Acha kusoma hapa uende hospitali sasa hivi kama moyo unapiga bila mpangilio, kifua kinauma, unahema ukiwa umekaa, au umezimia. Hayo hayasubiri kipimo cha wiki ijayo.

Dalili: "TSH imekuwa nzuri, na mimi bado nimechoka"

Hawa huumia kimyakimya, kwa sababu kila mtu huwaambia karatasi ni safi. Nawaamini.

Mara nyingi ni muda tu. Damu hutulia mbele, mwili hufuata nyuma. Ngozi, nywele na nguvu huweza kuchukua miezi kadhaa baada ya TSH kukaa sawa. Kama ni mwezi wa kwanza tangu namba ipendeze, vumilia.

Ikipita miezi mitatu minne, tafuta kingine. Upungufu wa damu ndio wa kwanza, hasa kwa mwanamke mwenye hedhi nzito. Omba kipimo cha damu na cha akiba ya madini ya chuma. Vitamini B12 pia, kwa sababu mwenye Hashimoto ana uwezekano zaidi wa kuwa na ugonjwa wa tumbo unaoizuia. Kisukari. Usingizi wa kukoroma na kukatika pumzi. Kukoma hedhi. Na huzuni, ile inayokaa kifuani hata siku za furaha. Hiyo nayo ina matibabu, na haimaanishi unajisingizia.

Uzito ni swali la peke yake. Thairoidi iliyopungua huongeza kilo chache, mara nyingi kati ya 2 na 5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi. Aliyeongeza kilo 20 hatazipoteza kwa kidonge hiki peke yake, na kuongeza dawa ili zipungue ni kuuchezea moyo.

Watu huniuliza sana kuhusu vidonge vya T3 na unga wa tezi za wanyama unaouzwa mtandaoni. Mwili wa wengi huigeuza T4 kuwa T3 wenyewe na haihitaji msaada. Wachache huandikiwa T3 na daktari wa homoni, chini ya uangalizi. Usiagize mwenyewe, T3 hupanda ghafla na moyo huisikia.

Dalili: "Majibu hayaelewani"

TSH imepanda kidogo, kati ya 4 na 10, na FT4 ni ya kawaida. Hii ni hali ya mpakani. Rudia baada ya miezi miwili mitatu kabla ya kuanza dawa ya maisha. Kwa wengi hushuka yenyewe, hasa kama kipimo kilichukuliwa mtu akitoka kuugua. Ikipita 10, au una mimba au unaitafuta, mazungumzo hubadilika na dawa huanzishwa mara nyingi zaidi.

FT4 imepanda kidogo na TSH ni nzuri: huenda ulimeza kidonge ukaenda maabara moja kwa moja. Siku ya kupimwa, toa damu kwanza asubuhi, meza baadaye.

FT4 iko chini, na TSH nayo iko chini au inaonekana ya kawaida. Hii ndiyo inayoniogopesha, kwa sababu hupita bila kuonekana. Sauti haipazwi ingawa homoni imeisha, maana yake huenda aliyepaswa kuipaza, pituitari, ameumia. Hapa kwetu muulize mwanamke huyo alivyojifungua. Damu nyingi ikimwagika wakati wa uzazi, pituitari huweza kufa kwa kukosa damu. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za kwapani zinapukutika, na miaka inapita akiambiwa ni uchovu wa kulea. Mgonjwa huyu asianzishwe levothairoksini dukani wala kliniki ndogo. Kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa na ambayo nayo hutegemea pituitari, lazima ichunguzwe kwanza, kwa sababu dawa ya thairoidi ikitangulia inaweza kumwangusha vibaya. Ni wa daktari wa homoni moja kwa moja, na kama ana maumivu makali ya kichwa au macho yanapoteza uoni wa pembeni, ni siku hiyo hiyo.

Mimba

Usiache dawa. Nimeshasikia dada wakiambiwa na majirani kwamba vidonge vitamdhuru mtoto. Ni kinyume chake: wiki za mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, hutegemea homoni ya mama kwa ubongo wake. Mahitaji hupanda mapema, kwa wengi robo hadi theluthi zaidi. Madaktari wengi huwaagiza wagonjwa wao kabla hata ya mimba: ikithibitika tu, vidonge tisa kwa wiki badala ya saba, kisha waje kupimwa. Ulizia mpango wako sasa, wakati huna mimba. Kipimo ni kila wiki 4 hivi hadi katikati ya mimba, na shabaha ya TSH huwa chini ya 2.5. Ukijifungua, kiasi hurudi cha zamani.

Mtoto mchanga mwenye umanjano usioisha, choo kigumu, ulimi mkubwa, sauti ya kulia iliyokauka, na anayelala kupita kiasi hadi kunyonya ni shida, apimwe TSH bila kungoja. Dawa ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, akili yake huokolewa.

Ramadhani

Kidonge hakizuii saumu, huhamia usiku. Nusu saa kabla ya daku kwa maji, au wakati wa kulala, kama saa tatu zimepita tangu ule kitu cha mwisho. Hili la pili ni gumu kwa Mombasa, ambapo futari huendelea kwa vitafunio hadi baada ya tarawehe, kwa hiyo wengi nawashauri daku. Tega saa.

Chumvi, mwani na mihogo

Chumvi ya mezani Kenya inatakiwa kisheria itiwe iodini tangu 1978, na inatosha. Ile ya mawe inayouzwa kwa kipimo bila pakiti huenda haina. Lakini tezi iliyoshambuliwa na Hashimoto haiponi kwa iodini, na iodini nyingi inaweza kuizidishia. Mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni ni mazao mazuri. Kuufanya dawa ya thairoidi, hapana. Mihogo iliyopikwa vizuri, kabichi na sukumawiki kula bila wasiwasi.

Rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, linalokua haraka, gumu, au linalobadilisha sauti na kuzuia kumeza, halitibiwi kwa chakula wala kwa kuongeza kidonge. Linahitaji picha na daktari wa upasuaji.

Acha kila kitu, nenda hospitali

Mgonjwa wa thairoidi aliyeacha dawa kwa muda mrefu, kisha akapata homa ya mapafu au ugonjwa mwingine, anaweza kuzama: anasinzia hata ukimwita haitiki sawasawa, anasema maneno yasiyoeleweka, anapumua polepole, mapigo ni machache, uso na macho vimevimba. Mguse. Mwili baridi kwenye joto hili la Mombasa si jambo la kawaida. Usimpe kidonge mdomoni, anaweza kupaliwa. Usimpe dawa ya usingizi. Usimkande kwa maji ya moto wala chupa za moto. Mfunike shuka au blanketi tu. Mpeleke Coast General au hospitali yoyote iliyo karibu yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na ukifika mapokezi usiseme "amechoka." Sema: "Ana ugonjwa wa thairoidi, ameacha dawa tangu tarehe fulani." Beba pakiti yake, hata kama ni tupu, na karatasi ya TSH ya mwisho.